Jinsi Trekta Kuukuu Linavyofufuliwa

Ukishuka matatu pale Kariobangi, upande wa viwanda vidogo ambavyo sisi wa Eastlands tunaviita Light tu, masikio yako yatafika kabla ya macho. Kuna nyundo, kuna msumeno wa chuma, kuna mashine za kuchomelea, na kuna redio tatu zinazoimba nyimbo tatu tofauti kwa wakati mmoja. Wako watu pale wanaoyeyusha alumini na kuimwaga kwenye mchanga mpaka ikawa sufuria. Wengine wanachonga shafti, wengine milango na madirisha. Basi katika likizo ya Aprili mwaka jana, lori lilishusha mahali hapo kitu kilichowafanya hata mafundi wenyewe waache kazi waje kutazama. Lilikuwa trekta dogo la kijivu, tairi zimeoza, usukani umeliwa na kutu, na ndani ya bomba la moshi ndege alikuwa amejenga kiota.

Trekta hilo ni la babu yangu. Lilikuwa limesimama chini ya mkaratusi shambani kwake, upande wa Nakuru, tangu kabla sijazaliwa. Mnunuzi wa vyuma kuukuu alikuwa ameahidi kulinunua kwa shilingi 40 kila kilo. Trekta la aina hiyo lina uzito wa takriban kilo 1,100, kwa hivyo piga hesabu mwenyewe: shilingi 44,000. Pesa hizo zilikuwa na kazi tayari, nayo ilikuwa karo yangu na ya dada yangu. Lakini mjomba, ambaye ana kibanda cha ufundi hapo Light, aliomba apewe mpaka Desemba. Alisema, "Likikataa kunguruma, mimi mwenyewe nitaliita lile lori la skrepa." Babu akakubali. Mama hakufurahi, na nadhani alikuwa na haki yake.

Nilipowasimulia wenzangu darasani walinicheka wakasema sasa mimi ni mkulima wa Kariobangi. Haya basi, nataka niwaeleze kazi yenyewe ilivyo, maana ndani yake nilikuta Fizikia na Kemia zaidi ya nilivyotarajia.

Kwanza tulijue trekta lenyewe. Karibu na usukani lina kibao kidogo cha bati. Fundi mkuu, mzee mmoja aliyejifunza kazi katika Barabara ya Grogan ambayo siku hizi ni Barabara ya Kirinyaga, alikipangusa kwa kitambaa chenye mafuta taa. Zikatokea herufi TEA na nambari. Akasema, "Hii ni Ferguson ya mwaka 1948. Hii ni nyanya ya matrekta yote unayoyaona barabarani." Nilidhani anatia chumvi, kumbe alikuwa anasema kweli.

Harry Ferguson alizaliwa Ireland mwaka 1884. Kabla ya kujulikana kwa matrekta, alijiundia ndege yake mwenyewe na kuirusha mwaka 1909. Mwaka 1938 alipatana na Henry Ford wa Marekani kuunda matrekta pamoja, na wawili hao walipeana mikono tu, bila karatasi yoyote. Urafiki ulipovunjika ikawa kesi kubwa, iliyoisha mwaka 1952 kwa Ferguson kulipwa dola milioni 9.25. (Hapa mwalimu wetu wa Biashara angesema kitu kuhusu mikataba.) Matrekta kama la babu yaliundwa katika mji wa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1946 hadi 1956, na zaidi ya 500,000 yakatoka. Mwaka 1958 Edmund Hillary, yule yule aliyepanda Everest na Tenzing Norgay mwaka 1953, alifika Ncha ya Kusini ya dunia akiendesha matrekta ya aina hii yaliyofungwa minyororo juu ya magurudumu. Niliposema hivyo darasani, kicheko kilipungua.

Ubora wa trekta hili hauko kwenye injini. Uko nyuma. Zamani trekta lilivuta plau kama punda anavyovuta mkokoteni, kwa mnyororo au chuma kimoja. Plau ikikwama kwenye kisiki, magurudumu ya nyuma yaliendelea kujisukuma, pua ya trekta ikainuka, na lo! trekta likaanguka chali juu ya dereva. Watu wengi walikufa hivyo. Ferguson alifunga plau kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu. Udongo unapoipinga plau, mkono wa juu unasukumwa mbele, na msukumo huo unaikandamiza pua ya trekta chini badala ya kuiinua. Isitoshe, mkono huo wa juu unabana springi, na springi inaendesha valvu ya pampu ya mafuta. Plau ikizama mno, springi inabanwa zaidi, valvu inafunguka, mafuta yanainua plau kidogo. Udongo ukilainika inashuka tena. Dereva hafanyi chochote. Karibu kila trekta shambani leo, liwe jekundu, la buluu au la kijani, bado linatumia mikono hiyo mitatu.

Sasa tuje kwenye kazi. Ugomvi wa kwanza ulikuja hata kabla ya nati moja kufunguliwa. Mjomba alitaka injini kuukuu itolewe iwekwe ya Toyota, ambayo spea zake ziko kila kona ya Nairobi. Fundi mkuu akamwuliza swali moja tu: "Na pua utaifunga wapi?" Mjomba akanyamaza. Mimi sikuelewa mpaka nilipolala chini ya trekta na kutazama. Gari lina fremu, na injini inaketi juu ya fremu hiyo. Trekta hili halina fremu kabisa. Ekseli ya mbele imefungwa kwenye injini, injini imefungwa kwenye giaboksi, giaboksi kwenye ekseli ya nyuma. Injini yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Ukiitoa, trekta limekatika vipande viwili, na ukitaka kuweka ya Toyota lazima kwanza uunde fremu mpya ya chuma kizito. Wako waliofanya hivyo na wakafaulu. Lakini nguvu zikizidi, meno ya gia za mwaka 1948 ndiyo yatakayolipa.

Kutokana na ugomvi huo tulipata kanuni ambayo tuliitumia mpaka mwisho. Kwa kila kifaa tuliuliza: je, hiki kikiharibika kesho asubuhi kule shambani, babu atakitengeneza na nini? Kama cha zamani kinatengenezeka kwa spana na msasa, kibaki. Kama cha zamani hakipatikani tena na kipya kinapatikana mjini, kibadilishwe.

Injini ilikuwa imeshika. Maana yake ni kwamba pistoni zimegandana na silinda kwa kutu na haziendi juu wala chini. Wengi hapa hukosea. Wanalifunga trekta nyuma ya gari na kulivuta likiwa kwenye gia, ili injini izunguke kwa nguvu. Ringi zinavunjika, hata fimbo za pistoni zinapinda. Dawa ni subira. Tulifungua plagi nne, tukamwaga ndani ya kila silinda mchanganyiko wa mafuta taa na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu. Kila asubuhi tuliongeza kidogo. Baada ya majuma mawili tuliweka gia ya juu, tukainua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, tukalisukuma huku na huku polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto. Siku ya tatu ya kubembeleza, kitu kilisema "tak". Tulishangilia kama Gor Mahia wamefunga bao.

Hata hivyo ilibidi tufungue kichwa cha injini na kuzitoa pistoni zote. Na hapa nilipenda akili ya waliounda injini hii. Silinda zake hazikutobolewa moja kwa moja kwenye bloku. Ni slivu, yaani mabomba manne yanayochomekwa, na maji ya kupoza yanapita nje yake. Ikilika moja unaichomoa na kuweka nyingine, bloku inabaki salama. Yetu moja ilikuwa na vishimo vya kutu. Mjomba alizunguka Barabara ya Kirinyaga siku nzima, lakini nani ataweka slivu ya 1948 kwenye rafu? Mwishowe fundi wa leithi, jirani yetu hapo Light, alichukua slivu kubwa ya lori iliyotupwa akaichonga mpaka ikatosha. Kazi hiyo ilimchukua siku mbili, naye alipima kwa maikromita kila mara. Kitu kimoja alikirudia kuniambia: slivu ikishaketi, lazima ichomoze juu ya bloku kidogo sana, kama unene wa karatasi moja tu, ili gasketi ya kichwa iibane. Ikilala sawa na bloku au chini yake, maji yatapenya ndani ya injini hata ukikaza nati mpaka mishipa ya shingo ikutoke.

Halafu kutu. Ninyi wanakemia, tegeni sikio. Kuna njia ya kutoa kutu bila kusugua, na dawa yake iko jikoni. Ni magadi! Magadi yanayotoka Ziwa Magadi, hapa hapa Kajiado, yana sodiamu kaboneti, ambayo ikiyeyuka majini inapitisha umeme. Tulichukua pipa la plastiki, tukaweka maji, tukatia magadi kama kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita nne. Kifaa chenye kutu tulikining'iniza katikati kwa waya na kukiunga kwenye upande hasi wa chaja ya betri. Vipande vya chuma visivyo na faida tulivipanga kandokando na kuviunga kwenye upande chanya. Ukiwasha chaja, viputo vya haidrojeni vinatoka kwenye kifaa, vinaibandua kutu, na ile nyekundu inageuka nyeusi na kulainika. Kesho yake unasugua kwa brashi na maji tu. Mama alipotafuta magadi ya kupikia githeri hakuyaona, na nikaulizwa maswali mengi kuliko mtihani wa mwisho wa mwaka.

Lakini nakuonya, ndugu msomaji. Haidrojeni inalipuka, kwa hivyo fanya kazi hiyo nje, mbali na moto na cheche za kuchomelea. Zima chaja kabla ya kutia mkono. Ukizibadilisha nyaya, kifaa chako ndicho kitakacholiwa. Usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, maana kinatoa sumu ndani ya maji. Na usitie alumini humo, kwa sababu maji ya magadi yanaila.

Nafika sasa kwenye umeme, na hapa nina aibu yangu ya kusimulia.

Trekta lilikuwa la volti 6. Betri za volti 6 ni za shida kupata, na dainamo yake ilikuwa imekufa zamani. Tukaamua kwenda volti 12. Nilipokuwa kidato cha pili niliona ni mambo ya mafundi tu, lakini mwaka huu tulipofundishwa athari ya joto ya mkondo wa umeme nikaelewa sababu. Nguvu ni volti mara ampea. Stata ikihitaji wati 600, kwa volti 6 itavuta ampea 100, na kwa volti 12 ampea 50 tu. Joto linalopotea kwenye waya linalingana na mraba wa mkondo, kwa hivyo ukigawanya mkondo kwa mbili, hasara inakuwa robo. Ndiyo maana matrekta ya volti 6 yanakuwa mavivu kuamka asubuhi, hasa nyaya zikizeeka.

Kubadilisha si betri peke yake. Koili inabadilishwa, la sivyo ya zamani inachemka na kuchoma platini. Balbu zote zinabadilishwa. Stata ya zamani inaweza kubaki, mradi usiibonyeze kwa muda mrefu. Sekunde chache, unaacha, unajaribu tena. Badala ya dainamo tuliweka altaneta ya gari dogo la Kijapani, ambayo mtu yeyote Nakuru anaijua. Mjomba alichomelea bamba la kuishikilia.

Kumbuka lakini kwamba trekta hili, kama magari mengi ya Uingereza ya siku zile, lilikuwa limefungwa waya chanya kwenye mwili wa chuma. Magari ya leo ni kinyume, hasi ndiyo inayoshika mwili, na altaneta inataka hivyo. Ndani ya altaneta kuna dayodi, ambazo ni kama milango inayofunguka upande mmoja tu. Ukiziletea umeme kutoka upande mbaya, mkondo mkubwa unapita bila kizuizi na zinaungua papo hapo.

Mimi ndimi niliyeiunguza altaneta ya kwanza. Fundi mkuu aliniambia nifunge betri, akaenda kunywa chai. Nikatazama alama ya zamani ya waya wa mwilini, nikaona herufi ya chanya, nikafunga chanya. Nilikuwa najiona fundi kamili. Moshi ulitoka kabla sijakaza nati ya pili, na harufu yake naikumbuka mpaka leo. Fundi aliporudi hakunipigia kelele. Alitazama tu moshi ukipanda akasema, "Kijana, hizo ni shilingi elfu tatu na mia tano zinaenda mbinguni." Likizo yote ya Agosti nilioshwa na petroli na grisi nikilipa deni hilo, nikisafisha nati za watu wote wa kibanda kile. Ukitaka kufanya kazi hii, chora alama mpya kwa rangi kabla ya kugusa betri, na ukibadilisha upande wa betri ubadilishe pia nyaya za koili na za ampmita.

Mjomba alitaka pia tuweke mfumo wa kielektroniki wa kuchoma mafuta. Ni mzuri, hauhitaji kurekebishwa kila mara. Lakini tulirudi kwenye kanuni yetu. Platini ikichafuka, babu ataisugua kwa msasa mwembamba chini ya mkaratusi na kuendelea na kazi. Kidude cha kielektroniki kikifa, amekwama mpaka mtu apande matatu kwenda mjini. Platini ikabaki. Karabureta ya zamani nayo ikabaki, baada ya kusafishwa matundu yake kwa unywele wa waya.

Kuna jambo moja ambalo sikulitegemea. Petroli ya leo si petroli ya 1948. Ile ya zamani ilitiwa risasi, yaani madini ya lead, na risasi hiyo, mbali na kuwa sumu kwa ubongo wa watoto, ilitandaza ulaini kidogo mahali valvu zinapoketi. Kenya iliacha kuuza petroli yenye risasi mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani kuiacha katika magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Kampeni hiyo iliongozwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lililo hapa Gigiri. Ni jambo la kheri kwetu sisi tunaovuta hewa ya Jogoo Road. Lakini kwa injini kuukuu inayofanya kazi nzito, viti vya valvu vinaweza kulika upesi. Kwa kuwa kichwa kilikuwa tayari kimefunguliwa, fundi alichonga viti vya valvu za moshi na kupachika vingine vya chuma kigumu. Kama injini yako haijafunguliwa, hakuna haja ya kuifungua kwa sababu hiyo peke yake.

Nyuma ya trekta, giaboksi, ekseli na pampu ya kuinulia vyote vinaogelea katika mafuta yale yale. Tulipofungua nati ya chini hayakutoka mafuta, kilitoka kitu kama chai ya maziwa. Maji ya mvua yalikuwa yameingia kupitia mpira uliochanika kwenye fimbo ya gia. Tulisafisha mara mbili kwa dizeli, tukaweka mpira mpya na mafuta mapya, na mikono ikainuka bila kufunguliwa pampu. Bahati hiyo haimpati kila mtu.

Breki niliambiwa nisizipulize vumbi kwa hewa. Bitana za zamani huwa na asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Tuliziosha kwa maji na kuzitupa ndani ya mfuko uliofungwa. Magurudumu ya mbele yalikuwa ya inchi 19, membamba kama ya pikipiki kubwa. Tulipata rimu za inchi 16, ambazo tairi zake ni rahisi kupata. Kuhusu usalama, kuna kazi moja ambayo haijafanyika mpaka leo, nayo ni fremu ya kumkinga dereva trekta likipinduka kwenye mteremko. Mjomba anaweza kuichomelea kwa siku moja, lakini fundi mkuu amekataa. Anasema fremu dhaifu ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu dereva anaiamini. Tunasubiri pesa ya mabomba yanayofaa. Kwa sasa babu haruhusu mtu kupanda na trekta ule upande wa mtoni.

Rangi ilileta ugomvi mwingine. Mjomba alitaka nyekundu. Watoto wa Light, ambao tangu siku ya kwanza waliliita Punda, walipiga kura kwa kelele likabaki kijivu.

Je, iligharimu kiasi gani? Sitawaficha. Ukijumlisha slivu, tairi, betri, altaneta mbili, mafuta, rangi na kazi ya leithi, ilifika shilingi 96,000. Pesa hizo ni zaidi ya mara mbili ya zile za skrepa. Mjomba alikopa kwenye chama chake, na muhula wa pili mimi nilirudishwa nyumbani majuma mawili kwa sababu ya karo. Siku hizo nilipita Light nikalitazama lile trekta limefunguliwa matumbo nikajiuliza kama sisi si wajinga. Fundi mkuu alinikuta hapo. Hakunipa mawaidha. Alinipa brashi akaniambia, "Kama umekuja, osha hiyo."

Jumamosi ya pili ya Desemba tuliliwasha. Babu alikuwa amekuja kwa matatu tangu asubuhi, amevaa koti. Trekta hili halina kitufe cha stata. Unaipeleka fimbo ya gia kwenye herufi S, na hapo stata inazunguka. Ni akili sana, kwa sababu fimbo ikiwa kwenye S haiwezi kuwa kwenye gia, kwa hivyo trekta haliwezi kuruka na kumkanyaga mtu. Babu akaivuta. Injini ikazunguka, ikakohoa, karabureta ikatema moto, watoto wote wakatawanyika. Fundi akatazama nyaya za plagi. Injini hii inachoma kwa mpango wa moja, tatu, nne, mbili, na mtu alikuwa amezibadilisha ya pili na ya tatu. (Safari hii si mimi.) Zikapangwa upya. Babu akavuta tena.

Likanguruma. Light yote ilisimama, hata zile redio nadhani zilinyamaza. Mjomba aliruka juu akamkumbatia mwenye leithi. Babu hakuruka. Aliinamisha kichwa akasikiliza kwa muda, halafu akasema, "Silinda ya tatu haijaamka." Fundi mkuu alicheka, lakini alipoifungua plagi ya tatu aliikuta imelowa masizi. Miaka yote ile chini ya mkaratusi, mzee alikuwa bado anaikumbuka sauti yake.

Mwezi wa Machi mwaka huu, mvua ilipokaribia, trekta lililima shamba la babu na ekari tisa za majirani kwa shilingi 3,000 kila ekari. Ukitoa petroli, ambayo linainywa sana, deni la chama limepungua na karo ya muhula huu imelipwa kwa wakati. Chini ya ekseli ya nyuma bado kunadondoka mafuta kidogo ambayo tumeshindwa kuyazuia. Babu ameweka hapo kikopo kuukuu cha Kimbo, na kila Jumapili jioni anayachuja kwa kitambaa na kuyarudisha ndani.